Padri Placide Tempels, Aliyejifunza Kukutana na Watu

Tarehe 18 Februari 1906, katika Berlaar, nchini Ubelgiji, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Frans. Jina la jamaa yake lilikuwa Tempels. Mwaka 1924 aliingia katika shirika la Mtakatifu Fransisko, na huko akapewa jina jipya la kitawa, Placide. Mwaka 1930 alipata daraja takatifu ya upadri. Baada ya kufundisha kwao muda mfupi alitumwa Kongo, akafika mwaka 1933, akiwa kijana wa miaka 27.

Wakati ule Wafransisko wa Ubelgiji walikuwa wamekabidhiwa sehemu kubwa ya Katanga, nchi ambayo baadaye, mwaka 1959, Jimbo la Kamina lilisimamishwa ndani yake. Njia ya reli itokayo Bukama kwenda Ilebo ilikuwa imekwisha kujengwa tangu 1928, nayo magari ya moshi yalipita Kamina. Lakini ukiacha reli, vijiji vilikuwa mbali, na njia zilikuwa za miguu. Misheni zilikuwa chache, mapadri wachache zaidi. Kijiji kingeweza kukaa miezi mingi bila kuona Misa. Katekista ndiye aliyekusanya watu asubuhi na jioni, akawafundisha sala na maswali ya katekisimu, hata padri afike.

Padri alipofika, kazi ilikuwa nyingi na siku zilikuwa haba. Aliwaita wakatekumeni mmoja mmoja, akawauliza maswali. Aliyejibu vema aliandikwa. Aliyekosea aliambiwa angoje safari ijayo. Aliungamisha, akasoma Misa, akabatiza, akaamua magomvi ya ndoa, akahesabu majina kitabuni, kisha akafunga mizigo yake, akaenda kijiji kingine. Padri Placide alifanya hivyo kama wenzake wote, tena kwa bidii sana. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu mbaya. Lakini yeye mwenyewe alikuja kukiri waziwazi, katika maandiko yake ya uzeeni, kwamba kwa muda wa miaka kumi hivi alikuwa amewaendea watu kama bwana na kama mwalimu ajuaye yote. Yeye alisema, wao walisikiliza. Yeye aliamuru, wao waliitikia. Alidhani hiyo ndiyo maana ya kuwa mmisionari.

Watu nao waliitikia, maana ni adabu kumwitikia mgeni mkubwa. Lakini neno lililosemwa mchana halikuingia nyumbani usiku. Mtoto alipougua, mama aliyekwisha kubatizwa alimpeleka kwa mganga gizani, akarudi kabla ya jogoo kuwika. Hirizi zilifichwa chini ya nguo. Ndoa iliyobarikiwa kanisani ilivunjika kwa sababu mke hakupata mtoto, na mume hakuona haja ya kumwuliza padri, kwa kuwa padri alijulikana kuwa na jibu moja tu. Padri Placide aliyaona haya. Kwanza alikasirika. Kisha akachoka. Mapadri wengine waliofika mahali hapo pa uchovu waliridhika kusema kwamba watu hawa ni wagumu wa moyo, wakaendelea kuhesabu ubatizo. Huyu hakuridhika.

Ndipo akaanza kufanya jambo ambalo kwa macho ya watu ni dogo. Aliacha kuwauliza wakatekumeni wamejua nini, akaanza kuwauliza wanataka nini. Aliketi pamoja nao, akanyamaza, akasikiliza. Alikuwa amekwisha kujifunza Kiluba, na sasa aliyatafuta maneno ya wazee na mithali zao, asiyahukumu kwanza bali ayafahamu. Aliwauliza kwa nini wanatafuta dawa za mganga, ni kitu gani wanachokiogopa, na ni kitu gani wangekiomba kama wangeambiwa waombe kimoja tu.

Majibu yalikuwa mengi, lakini alipoyakusanya aliona yanakwenda njia moja. Watu walitaka uzima, uzima wenye nguvu, usiopunguzwa na mchawi wala na maradhi wala na huzuni. Walitaka uzazi, yaani kuwa baba na mama, uzima wao usikatike. Na tena walitaka mapendo, yaani kuungana na wenzao, maana mtu aliye peke yake, asiye na ndugu wa kumwita kwa jina, amekwisha kuanza kufa. Kila Mluba asomaye haya anajua kwamba salamu ya nchi yake, ile ya wakomapo, ni neno la nguvu: amsalimuye mwenziwe humtakia awe imara, awe na uzima ndani yake. Mgeni hulisikia neno hilo mara mia asilitafakari. Padri Placide alilitafakari. Aliona kwamba salamu ya mlangoni ilikuwa na mafundisho kuliko hotuba nyingi alizokuwa ametoa.

Lakini lililomgeuza hasa ni lingine. Alipojiuliza yeye mwenyewe, Mzungu na padri na mtawa, anataka nini zaidi ya vyote, aliona ni mambo yale yale matatu. Yeye pia alitaka kuishi, na kuzaa watoto wa roho, na kupendwa. Alikuwa amekaa katikati ya watu miaka kumi, na hakuna hata mmoja aliyemjua moyoni, wala yeye hakumjua mmoja. Basi akaanza kuwaeleza watu habari zake mwenyewe, mashaka yake na upweke wake, jambo ambalo padri wa siku zile hakulifanya. Nao, walipoona kwamba padri ni mtu, walimfungulia milango iliyokuwa imefungwa.

Wakati wa vita kuu ya pili Padri Placide alikuwa katika nchi ya Kamina, na huko aliyaandika mawazo yake. Mwaka 1945 kitabu chake kilitolewa mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kwa lugha ya Kifaransa. Aliyekitafsiri kutoka Kiholanzi alikuwa mwanasheria Antoine Rubbens. Kitabu kiliitwa La Philosophie bantoue, yaani falsafa ya Wabantu. Ndani yake alisema kwamba Mwafrika ana hekima yake iliyo kamili, yenye mizizi na matawi, na kwamba anayetaka kumfundisha bila kuijua hekima hiyo anajenga nyumba juu ya mchanga. Katika miaka 1944 na 1945 aliandika pia katika gazeti la Elisabethville, L'Essor du Congo, akilaumu jinsi wenyeji walivyotendewa isivyo haki.

Kitabu kilisifiwa na wengi na kulaumiwa na wengi. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire, mtu wa Martinique, aliandika kwa ukali kwamba kumsifu Mwafrika kwa hekima yake hakufai kitu ikiwa shamba lake na mshahara wake vinabaki mikononi mwa mwingine. Baadaye wanafalsafa wa Afrika yenyewe walisema kwamba Padri huyu aliwatia watu wote wa Afrika katika wazo moja, kana kwamba hawatofautiani. Lawama hizo zina ukweli wake. Hata hivyo, si kitabu kinachomfanya akumbukwe na watu wa kawaida wa Katanga, maana wengi wao hawakukisoma kamwe.

Wakubwa wengine wa Kanisa walikasirika mapema zaidi. Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne, askofu Mbenediktini aliyeongoza Kanisa la Elisabethville, aliyapinga sana mafundisho ya kitabu hicho. Mwaka 1946 Padri Placide alikwenda Ubelgiji, akakaa huko hata mwaka 1949. Kwa mmisionari aliyekuwa amepata watu wake baada ya miaka kumi ya kuwatafuta, hiyo ilikuwa miaka mirefu. Hakuliacha Kanisa kwa hasira, wala hakuacha kuandika. Mwaka 1948 alitoa maandishi mengine juu ya namna ya kuwafundisha Wabantu katekisimu. Akatii, akangoja, akarudi.

Aliporudi, baada ya muda, alipewa kazi isiyofanana na ile ya vijiji. Alipelekwa upande wa Kolwezi, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyochimba shaba. Mwaka 1953, katika kambi ya Musonoi, ndipo ilipoanza kazi iliyo kubwa kuliko zake zote.

Yafaa kufahamu jinsi kambi ilivyokuwa. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyoka, zote za namna moja, na kila nyumba ilikuwa na namba yake. Mtu wa Kasai alikaa karibu na Mluba wa Katanga, na huyo karibu na mtu wa kabila jingine. Kampuni ilitoa mshahara, posho, shule na hospitali. Lakini shangazi hakuwako, mjomba hakuwako, wala mzee wa kusuluhisha mume na mke usiku wa ugomvi. Mwanamke aliyefika kutoka kijijini alifunga mlango, akamngoja mume arudi zamu. Siku ya Dominika kanisa lilijaa. Watu mamia walikaa bega kwa bega, wakaimba pamoja, wakapokea Komunyo Takatifu meza moja, kisha wakatoka na kwenda kila mtu nyumbani kwake bila hata kuulizana majina. Kwa hesabu, parokia ilikuwa kubwa. Kwa kweli ilikuwa ni wapweke waliokusanyika.

Mkatekumeni wa kijijini asidhani kwamba hayo ni ya mjini tu. Yuko mtu katika kila kanisa la matope anayeketi karibu na mlango, akija wa mwisho na kutoka wa kwanza, naye amekwisha kujua maswali yote kwa moyo, na hakuna aliyewahi kwenda kwake kumjulia hali.

Padri Placide hakuanza na mkutano mkubwa. Alianza na watu wachache wa Musonoi, wanaume na wake zao, waliotaka kujua ni nini hasa kuwa Mkristo. Alizungumza nao juu ya mambo yale matatu aliyoyapata kwa Baluba: uzima, uzazi, mapendo. Akawaonyesha kwamba hayo wanayoyatafuta tangu kwa mababu ndiyo Mungu mwenyewe aliyoyatia mioyoni mwao, na kwamba Bwana Yesu alikuja kuyatimiza, si kuyafuta. Kisha akawaambia waende wakayafanye nyumbani kabla ya kuyafundisha njiani.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mume aliyezoea kumwamuru mke wake alitakiwa kuketi naye, akamweleza mawazo yake yote, asimfiche kitu, na kuyasikia ya kwake. Katika Kiswahili cha Jamaa neno hilo, mawazo, likawa neno kubwa: kupeana mawazo ni kupeana moyo. Wengine walicheka, wakasema padri anataka kuwageuza wanaume kuwa wanawake. Wengine walijaribu, wakaona aibu, wakaacha. Lakini wako waliojaribu na kudumu, na majirani, ambao katika kambi husikia kila kitu kupitia ukuta, waliona kwamba katika nyumba hizo kelele zimepungua.

Watu hao wakaanza kutembeleana. Walialikana kula. Walimwita kila mwanamume baba na kila mwanamke mama, hata padri akawa baba kwa namna ile ile, si kwa ajili ya cheo chake tu. Hao waliojulikana kwa namba za nyumba sasa walikuwa na ndugu. Wakauita umoja wao Jamaa, neno la Kiswahili cha kila siku, lenye maana ya ukoo na ya nyumba. Lugha nayo ilisaidia. Kiswahili cha Katanga hakikuwa mali ya kabila moja. Mluba na mtu wa Kasai waliweza kukitumia bila mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni.

Njia ya kuingia haikuwa ya kujiandikisha. Padri Placide hakutaka Jamaa iwe chama chenye mwenyekiti, na karani, na mchango wa kila mwezi. Vyama vya namna hiyo vilikuwako tayari parokiani, na watu walivaa sare zao na kubeba bendera zao, na bado hawakujuana. Katika Jamaa aliyetaka kuingia aliingia kwa mtu. Mume na mke waliotangulia waliwachukua mume na mke waliofuata, wakawafundisha kwa muda mrefu na kwa daraja, wakawasikiliza, wakawa baba na mama wao katika imani. Nao waliofundishwa, walipokomaa, waliwazaa wengine. Hivyo uzazi ule ambao Baluba waliutamani ulipata maana nyingine: hata mke asiyejaliwa mtoto wa mwili aliweza kuitwa mama kwa haki. Katika nchi ambamo mwanamke tasa aliweza kurudishwa kwao, hilo halikuwa neno dogo.

Kwa namna hiyo Jamaa ilienea. Kutoka Musonoi ilifika kambi nyingine za Kolwezi, kisha Jadotville, ambao sasa ni Likasi, na Elisabethville, na hata Kasai. Hakuna aliyewatuma wahubiri. Mfanyakazi alihamishwa na kampuni, akafika kambi ngeni na mke wake, akabisha hodi kwa jirani. Mara nyingi ilianza hivyo.

Lakini kila kitu chenye uzima kina maradhi yake, na historia ya Padri Placide ingekuwa ya uongo kama yangefichwa. Watu waliopendana sana walianza kuonekana kwa wengine kama kundi la siri. Mkristo wa kawaida alipowaona wakisalimiana kwa furaha yao, yeye alijiona yu nje, hata ndani ya kanisa lake mwenyewe. Mapadri wengine waliona wivu, wengine waliona hatari ya kweli. Na hatari ilikuwako. Katika sehemu nyingine mafundisho ya kuungana yalipotoshwa. Kikundi kilichojulikana kwa jina la Katete kilisingiziwa mengi na kilifanya mengi, hata umoja wa roho ukageuzwa kuwa sababu ya dhambi kati ya wanaume na wake wasio wao. Jambo lililoanza kwa kuziponya ndoa likawa, kwa hao, la kuziharibu. Ni kweli kwamba Padri Placide hakufundisha hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba Jamaa, kwa kuwa haikutaka sheria wala mkubwa, haikuwa na mtu wa kusema kwa mamlaka kwamba hapa mmepotea.

Maaskofu walichunguza na kuonya. Katika miaka ya 1970 masharti yalikuwa makali, na wako watu wa Jamaa waliotengwa na sakramenti kwa kutokubali kutii. Wengine walitii, wakabaki ndani ya Kanisa. Uchungu ulikuwa mwingi pande zote mbili, maana waliotengwa walikuwa ni wale wale waliosema kwamba walipata nyumba kanisani.

Padri Placide hakuwako kuyaona hayo kwa macho. Mwaka 1962, Katanga ikiwa bado imejitenga na Kongo, na watu wa makabila yaliyokaa jirani katika kambi wakiwa wamekwisha kufukuzana na kuuana, alirudi Ubelgiji. Mwaka huo maandishi yake yaliyoitwa Notre rencontre, yaani kukutana kwetu, yalitolewa. Humo ndimo alimoeleza jinsi alivyokuwa bwana, kisha mtafutaji, kisha ndugu. Alikuwa amefanya kazi Kongo tangu 1933. Hakurudi tena.

Mwaka mmoja kabla, 1961, maaskofu wa Kongo walikuwa wamekutana Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, wakaazimu kwamba Kanisa lisitegemee misheni kubwa peke yake, bali lijengwe juu ya jumuiya ndogo zenye uzima, ambamo Wakristo wanajuana na kusaidiana. Hawakuliiga jambo hilo kwa Jamaa moja kwa moja, wala si haki kumpa Padri Placide sifa yake yote. Lakini mtu aliyetoka Musonoi, aliposikia habari za jumuiya hizo, hakuhitaji kufafanuliwa sana.

Miaka kumi na mitano ya mwisho Padri Placide aliishi katika nchi aliyozaliwa, mbali na Kamina na mbali na Kolwezi, miongoni mwa watu waliolijua jina lake kwa ajili ya kitabu. Alifariki Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977, akiwa na umri wa miaka 71. Katika kambi za shaba, waliomjua waliendelea kumwita Baba Placide.